Namna ya Kutembelea Maduka ya Vitabu Yanayojitegemea Pamoja na Familia Mwishoni mwa Wiki

Safari ya familia ya mwishoni mwa wiki inaweza kupangwa kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa kufuata maduka ya vitabu, na ikawafurahisha wakubwa kwa wadogo, mradi wazazi wakubali mapema kwamba duka dogo linalojitegemea halitembelewi kwa namna ile ile linavyotembelewa duka kubwa lenye matawi katika kila mji. Katika duka lenye matawi, vitabu vilivyopangwa mezani mara nyingi vimeamuliwa na ofisi kuu, na mnunuzi anayejua anachokitaka huingia, hukichukua, hulipa na kuondoka. Katika duka linalojitegemea, kitabu kimewekwa rafuni kwa sababu kuna mtu, na aghalabu ni yule yule aliyesimama kaunta, aliyekisoma au aliyesoma habari zake, akaamua kukitolea fedha na kukipa nafasi ambayo angeweza kukipa kitabu kingine. Uamuzi huo ndio unaolitofautisha duka lake na maduka mengine yote. Ushauri ninaoutoa hapa, kuanzia wa kupanga ratiba mpaka wa kufunga mizigo, unakusudia jambo moja tu, nalo ni kuipa familia muda na utulivu wa kutosha wa kunufaika na uamuzi wa mtu huyo na kuzungumza naye ana kwa ana.

Kupanga safari

Maduka mawili kwa siku yanatosha. Kwa familia yenye mtoto aliye chini ya miaka sita ningependekeza moja tu, litembelewe asubuhi, kisha alasiri watoto wapelekwe mahali wanapoweza kukimbia na kupiga kelele. Ratiba yenye maduka manne au matano huwachosha hata watu wazima wanaopenda vitabu, kwa sababu macho yanayopitia migongo ya vitabu mamia kwa mamia huchoka upesi, na mtu aliyechoka hununua ovyo au hanunui kabisa. Ikiwezekana, maduka hayo mawili yawe ya aina tofauti: moja la vitabu vipya na jingine la vitabu vilivyokwisha tumika. Katika duka la vitabu vipya mtoto huona kinachoandikwa leo, na akikosa kitabu anaweza kuagiziwa. Katika duka la vitabu vya mitumba hukutana na vitabu ambavyo havichapishwi tena, vilivyopendwa na wazazi au hata babu na bibi zake, na huweza kupata vitatu au vinne kwa fedha ambazo zingenunua kimoja kipya.

Ili kuyapata maduka yenyewe, anza na wakutubi wa eneo unalokwenda, kwani wao huwajua wauza vitabu wanaofanya kazi kwa moyo. Katika nchi nyingi kuna pia vyama vya wauza vitabu, kama vile American Booksellers Association nchini Marekani, ambavyo huwasaidia wasomaji kuyapata maduka ya wanachama wao. Hata hivyo, njia iliyo bora kuliko zote huanza ukiwa tayari ndani ya duka la kwanza. Mwulize muuza vitabu ni duka gani jingine lililo karibu angelipeleka familia yake mwenyewe. Wauza vitabu wa aina hii hujuana, na wengi wao humwelekeza mteja kwa mwenzao bila kinyongo, kwa kuwa kila mmoja ana utaalamu wake: huyu ni hodari wa vitabu vya watoto, yule wa historia, na mwingine wa mashairi au ramani za zamani.

Kabla ya kufunga safari, piga simu. Saa za kufungua zilizoandikwa kwenye ramani za intaneti huwa zimepitwa na wakati mara kwa mara, hasa kwa maduka yanayoendeshwa na mtu mmoja au wawili, ambayo yanaweza kufungwa siku nzima ya Jumapili, au kwa saa moja mchana ili mwenye duka apate kula. Katika simu hiyo hiyo uliza mambo mengine matatu: kama kuna kipindi cha kuwasomea watoto hadithi siku hiyo, kama kigari cha mtoto au kiti cha magurudumu kinaweza kupita kati ya rafu, na kama kuna choo ambacho wateja wanaruhusiwa kukitumia. Swali la choo linaweza kuonekana dogo, lakini maduka mengi ya namna hii hayana, na mzazi wa mtoto mdogo anafahamu maana ya kukosa jambo hilo.

Familia inayotaka kukaa siku mbili mahali pamoja ingefaa ifikirie miji ya vitabu, yaani miji midogo ambamo maduka mengi ya vitabu yamekusanyika katika mitaa michache. Maarufu zaidi ni Hay-on-Wye, mji wa Wales ulio mpakani na Uingereza, ambako Richard Booth alifungua duka lake la kwanza la vitabu vya mitumba mwaka 1962, na wengine wakamfuata mpaka mji wote ukajulikana kwa biashara hiyo. Kijiji cha Redu nchini Ubelgiji kiliiga mfano huo mwaka 1984, na Wigtown wa Scotland ukapewa hadhi ya mji wa vitabu wa taifa mwaka 1998. Faida ya miji hii kwa familia ni kwamba gari huegeshwa mara moja, na kutoka duka moja hadi jingine ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, hivyo mzazi mmoja anaweza kubaki akivinjari huku mwenzake akiwatoa watoto nje wakanyooshe miguu. Hasara yake ni kwamba vitabu vingi vilivyomo ni vya watu wazima na vimetumika. Kwa sababu hiyo chagua mapema maduka mawili yenye sehemu ya watoto, na hayo mengine yaachwe yawe ya bahati.

Yapo pia maduka ambayo yamekuwa vivutio vya watalii kwa uzuri wa majengo yake. Livraria Lello, lililoko mjini Porto nchini Ureno katika jengo lililofunguliwa mwaka 1906, hutoza kiingilio, na fedha za tiketi hupunguzwa katika bei ya kitabu mgeni anaponunua. Duka la namna hiyo linastahili kuonwa, na ngazi zake zitawavutia watoto, ila lisipangwe kuwa ndilo duka pekee la safari. Mahali ambapo watu hupanga foleni ili kupiga picha si rahisi kumpata muuza vitabu mwenye nafasi ya kukaa na mtoto wako. Ukienda, nenda mlango unapofunguliwa. Nasema vivyo hivyo kuhusu sikukuu za maduka ya vitabu yanayojitegemea, kama ile inayoadhimishwa nchini Marekani Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Siku hizo zina shamrashamra nzuri, lakini familia inayokwenda kwa mara ya kwanza itahudumiwa vizuri zaidi Jumamosi ya kawaida, asubuhi na mapema.

Fedha

Suala la fedha liamuliwe nyumbani, si mbele ya rafu. Utaratibu ninaouamini ni wa kumpa kila mtoto fungu lake, hata kama ni dogo, likiwa katika bahasha yenye jina lake, na kumwambia waziwazi kwamba kitabu atakachokinunua kwa fedha hizo atakichagua mwenyewe. Mzazi abaki na haki ya kukataa kitabu kisichofaa umri wa mtoto, lakini asikatae kwa sababu kitabu ni cha katuni, au ni cha vichekesho, au kwa sababu mtoto tayari ana vingine sita vya mfululizo huo huo. Mtoto anayechaguliwa kitabu na mzazi mbele ya muuza vitabu hujifunza kwamba duka lile ni la wazazi. Zaidi ya mafungu hayo, tengeni fungu moja la familia nzima kwa ajili ya kitabu kitakachosomwa kwa sauti, ambacho kila mmoja ana kura ya kukichagua.

Kupunguziwa bei ni jambo linalohitaji busara. Katika baadhi ya nchi bei ya kitabu kipya imewekwa kisheria: nchini Ufaransa, sheria iliyopitishwa mwaka 1981 humruhusu muuza vitabu kupunguza asilimia 5 tu ya bei iliyowekwa na mchapishaji, na Ujerumani nayo ina sheria ya bei moja ya vitabu. Hata pasipo na sheria kama hiyo, faida ya duka dogo katika kitabu kipya ni ndogo, na kumwomba mwenye duka akulinganishie bei na muuzaji mkubwa wa mtandaoni ni kumwomba auze kwa hasara. Vitabu vilivyotumika ni habari nyingine, kwa kuwa bei yake hupangwa na mwenye duka mwenyewe. Ukiwa umekusanya vitabu vitano au sita, hakuna ubaya kumwuliza kwa heshima kama anaweza kukufikiria. Akisema hapana, lipa au rudisha kimoja rafuni, bila kuendelea kuvutana.

Ndani ya duka

Watoto waingie wakiwa wameshiba, wamekwenda haja na wamenawa mikono ikakauka. Vinywaji na vyakula vibaki nje au ndani ya begi lililofungwa, na mabegi makubwa ya mgongoni yavuliwe, kwa sababu katika njia nyembamba mtu anapogeuka ghafla begi lake ndilo linaloangusha vitabu.

Kuna jambo moja la kuwafundisha mlangoni, nalo huchukua dakika moja tu: namna ya kutoa kitabu rafuni. Karibu kila mtu hutia kidole juu ya mgongo wa kitabu na kukivuta, na hapo ndipo kitambaa au karatasi ya mgongo huanza kuchanika, hasa kwa vitabu vya zamani vyenye jalada gumu. Njia sahihi ni kuvisukuma ndani kidogo vitabu viwili vilivyo kulia na kushoto, ili mgongo wa kile unachokitaka ujitokeze, kisha ukishike katikati kwa kidole gumba na vidole vingine na kukitoa taratibu. Wakati wa kukirudisha, visogeze vile vya pembeni ili kiingie bila kulazimishwa, na kama mahali pake pamesahaulika, kipelekwe kaunta badala ya kupachikwa popote. Muuza vitabu anayemwona mtoto wa miaka saba akifanya hivyo humtazama kwa macho mengine kabisa, na mara nyingi yeye ndiye anayeanzisha mazungumzo.

Baada ya kusalimiana na mwenye duka, waache watoto wazunguke kwa muda bila kuwaongoza. Mzazi anayefuata nyuma akisema "angalia hiki, angalia kile" huwanyima nafasi ya kuvutwa na kitu wasichokitarajia. Simama mahali unapowaona, kisha nawe uangalie vitabu vyako, maana mtoto anayemwona mzazi wake amezama katika kitabu naye hutulia. Kama mmekuja wazazi wawili, pokezaneni: mmoja awe na watoto huku mwingine akiwa huru kabisa, halafu mbadilishane. Ni vyema pia kukubaliana juu ya muda wa kuondoka. Kwa watoto wengi wadogo utulivu huanza kwisha baada ya nusu saa au zaidi kidogo, na ni bora kutoka wakiwa bado wanapenda kubaki.

Mtoto anayesoma mwenyewe anaweza kukipima kitabu kwa vidole. Hufungua ukurasa wowote wa katikati na kuusoma, akiinua kidole kimoja kila anapokutana na neno asilolijua. Vidole vitano vikiinuka kabla ya ukurasa kwisha, kitabu hicho huenda ni kigumu kwake kwa sasa. Kipimo hiki, ambacho walimu wengi wanakijua, kitumike kama mwongozo wala si hukumu. Mtoto aliyevutiwa sana na vyombo vya anga au dinosauria huvuka maneno magumu kumi ili apate anachokitafuta, na kitabu kigumu kinaweza kununuliwa ili mzazi amsomee. Mtoto asiyependa kusoma naye asisahauliwe. Mpeleke kwenye ramani, vitabu vya mafumbo, vya michoro, vya mapishi au vya namna ya kutengeneza vitu, na umruhusu atumie fedha zake hapo kwa furaha ile ile.

Sasa nifike kwenye mazungumzo na muuza vitabu, ambayo kwangu ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote. Watu wengi huuliza, "Una kitabu gani kizuri cha mtoto wa miaka tisa?" Swali hilo humlazimisha muuzaji akupe kile kile anachompa kila mtu, kwa kuwa hujampa chochote cha kumwongoza. Mweleze kitabu ambacho mtoto alikipenda na, muhimu zaidi, kitabu alichokiacha njiani. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi.

"Dada, mwanangu huyu alikimaliza kwa siku mbili kitabu cha watoto waliopotea baharini, lakini cha wachawi alichopewa na shangazi yake amekiacha katikati."

"Alisema kwa nini amekiacha, mama?"

"Anasema watu wake ni wengi mno, anawasahau majina."

"Kumbe si wachawi waliomshinda. Njoo, mwanangu, uniambie mwenyewe. Ulipokuwa ukisoma kile cha baharini, ulitaka kujua watafikaje nyumbani, au ulipenda namna walivyojitengenezea vitu vyao?"

"Vitu. Walitengeneza chombo cha kukusanya maji ya mvua."

Jibu hilo la mwisho limembadilishia muuza vitabu kila kitu. Mama alidhani mtoto anapenda hadithi za bahari, na angeondoka na nyingine ya mabaharia. Muuzaji amegundua kwamba anapenda hadithi za watu wanaobuni vifaa ili waokoke, wahusika wakiwa wachache, na huenda akampeleka kwenye rafu ambayo mama asingeifikia: riwaya fupi ya watu waliokwama jangwani, au hata kitabu kisicho cha hadithi kabisa kinachoeleza namna mashine zinavyofanya kazi. Angalia pia kwamba muuzaji aliacha kuzungumza na mama akamgeukia mtoto. Inapotokea hivyo, mzazi anyamaze. Usimjibie mtoto, usimsahihishe, wala usimharakishe akikaa kimya akitafuta maneno. Mtoto mwenye haya anaweza kuandika nyumbani, kwenye kikaratasi, majina ya vitabu viwili alivyovipenda na kimoja alichokichukia, akampa muuza vitabu akisome mwenyewe.

Chagua wakati wa mazungumzo hayo. Duka likiwa na foleni kaunta, subiri, na kama simu inalia au mteja mwingine ameingia, mwachie nafasi amhudumie. Soma pia vikaratasi vilivyoandikwa kwa mkono na kubandikwa chini ya vitabu, ambamo wauzaji hueleza kwa mistari michache kwa nini wanakipenda kitabu fulani. Ukiona vikaratasi viwili vya mwandiko mmoja vinavyosifu vitabu unavyovijua na kuvipenda, mwulizie mwenye mwandiko huo, kwani ladha yenu imekutana.

Kuhusu picha, omba ruhusa kwanza. Kupiga picha ya watoto wakiwa dukani huwa hakuna tatizo, lakini kupiga picha ya jalada la kitabu ili ukakiagize kwa bei nafuu mahali pengine ni jambo ambalo kwa maoni yangu halifai, hasa baada ya muuzaji kutumia robo saa kukusaidia kukipata. Utaalamu wake umelipiwa na kodi ya pango, umeme na mishahara, na duka halina njia nyingine ya kurudisha gharama hizo isipokuwa kitabu kinachouzwa pale pale. Familia isiyo na uwezo wa kununua siku hiyo inaweza kusema hivyo bila aibu, ikanunua kadi ya posta, au ikawasimulia jamaa na marafiki habari za duka hilo.

Kukagua vitabu vilivyotumika

Duka la mitumba linahitaji subira zaidi na macho makali kidogo. Kitabu cha mtoto kikaguliwe ukurasa kwa ukurasa kabla ya kulipwa, maana kinaweza kukosa karatasi ya mwisho, mafumbo yake yakawa yamekwisha jazwa, au picha za kuinuka zikawa zimeng'oka. Kwa kitabu chochote, kifungue katikati bila kukilazimisha kulala wazi, uone kama kurasa zimeachia gundi au nyuzi za mshono zimelegea. Karatasi iliyogeuka rangi ya manjano si kasoro kubwa, kwa kuwa karatasi za bei nafuu zilizotengenezwa kwa mbao hubadilika rangi zikipigwa na mwanga na hewa. Kasoro ni pale ukingo unapomeguka ukiugusa. Kisha kinuse. Harufu ya karatasi kuukuu haina neno, ila harufu ya unyevunyevu, hasa ikiambatana na vidoa vya kijivu au vyeusi, ni dalili ya kuvu, na kitabu hicho kiachwe hata kama kinapatikana kwa bei ya kutupa, kwani kuvu huweza kuhamia kwenye vitabu vingine nyumbani na humsumbua mtu mwenye pumu.

Watoto wakubwa hufurahia sana kazi ya upelelezi kwenye ukurasa wa hakimiliki, ambao kwa kawaida uko nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu. Humo kuna mwaka wa toleo, mahali kilipochapishwa na, katika vitabu vya wachapishaji wengi, mstari wa tarakimu kama 10 9 8 7 6 5 4 3 2 1. Kila kitabu kinapochapwa upya, tarakimu ndogo huondolewa, kwa hiyo tarakimu ndogo iliyobaki ndiyo inayoonyesha hiyo ni chapa ya ngapi. Mtoto aliyeelezwa hivyo ataanza kusaka kitabu chenye 1, na atagundua kwamba utaratibu huu haufuatwi na wachapishaji wote. Mwelekeze pia kwenye ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu. Tangu mwaka 2007 namba hiyo ina tarakimu 13, na kabla ya hapo ilikuwa na tarakimu 10, hivyo kitabu chenye ISBN ya tarakimu 10 peke yake kwa kawaida kilichapwa kabla ya mwaka huo, na kisicho na ISBN kabisa huenda kikawa cha zamani zaidi. Usimfanye mtoto adhani, hata hivyo, kwamba umri wa kitabu ndio thamani yake. Vitabu vingi vya zamani ni vya bei ndogo, na kinachopandisha bei ni uchache wake, hali yake na idadi ya watu wanaokitafuta.

Kubeba na kuendelea

Vitabu ni vizito kuliko watu wanavyokumbuka. Kitabu chenye jalada laini na kurasa mia tatu huwa na uzito wa robo kilo au zaidi, na vya picha vyenye karatasi nene huzidi hapo, kwa hiyo familia ya watu watano huweza kurudi na mzigo wa kilo kadhaa bila kutambua. Chukueni begi imara lililo tupu, panga vitabu vikiwa vimelala, vikubwa chini na vidogo juu, na vifungwe kwa nguo ili pembe zisipondeke. Kama mnasafiri kwa ndege au mna safari ndefu ya basi, uliza duka kama linaweza kuvituma kwa posta na kwa gharama gani.

Risiti ihifadhiwe, na ndani ya jalada la mbele la kila kitabu mwenyewe aandike kwa penseli tarehe na jina la duka. Usiku wa siku ya kwanza, mahali mlipofikia, anzeni kile kitabu cha familia: sura moja, ikisomwa na mtu mmoja au kwa kupokezana, kabla ya shauku ya siku hiyo kupoa. Kusoma ndani ya gari linalokwenda kuachwe kwa wale wasiopatwa na kichefuchefu.

Mkisharudi nyumbani, uhusiano na duka hilo unaweza kuendelea. Maduka mengi yanayojitegemea huchukua oda kwa simu au barua pepe na kumtumia mteja aliye mbali. Wakati wa kuagiza taja ISBN badala ya jina la kitabu peke yake, kwa sababu jalada gumu, jalada laini na kila toleo lililorekebishwa huwa na namba yake, na jina moja huweza kubebwa na vitabu kadhaa. Mtoto akimaliza kitabu alichochaguliwa na muuza vitabu, mwandikeni muuzaji huyo mistari miwili mitatu ya kumweleza kilivyopokelewa, na msisite kusema kama hakikumpendeza na kwa nini, maana taarifa hiyo ndiyo itakayomwezesha kuchagua vizuri zaidi mtakapompigia simu kuomba kingine.